Mchoro, Sauti na Programu: Juu ya Nini Tunavifundisha Mbali Mbali?



Leo naomba tuzungumze juu ya jambo linalonikaa rohoni tangu mwaka wangu wa kwanza wa chuo kikuu. Nitaanza na hadithi fupi, kisha nitaeleza, na mbele ya kumaliza tutafanya zoezi moja pamoja. Tafuteni kartasi ya vimiraba na kalamu mbili za rangi tofauti. Umeme si lazima, na mega zenu hazitaguswa.

Darasani mwetu mulikuwa kijana mmoja, mpiga klavye wa korali ya kanisa lao. Tulikuwa tunasoma algoritmi kwa chaki. Mwalimu aliandika tablo nzima, sisi tukanakili ndani ya kaye, tukanunua silabisi, tukakariri. Mashini hatukuigusa mwaka mzima. Siku ya mtihani tukaulizwa kwa kartasi: bukle ni nini? Mimi nilikuwa nimekariri vizuri: ni kundi la amri linalorudiwa mpaka sharti fulani litimie. Nikapata pointi zangu. Rafiki yangu akapata 3 juu ya 20. Mwalimu akamwambia mbele ya watu wote: "Weye endelea na muziki yako. Huku ku informatike haina pako." Darasa likacheka. Mwisho wa mwaka akaacha masomo.

Jumapili moja mbele ya kuacha, nilikwenda kumusikiliza. Mkono wa kushoto ulirudia noti nne, zilezile, bila kuchoka. Mkono wa kuume ulibadilisha kidogo kila mzunguko. Kila mara ya nne alimaliza kwa namna nyingine, ili waimbaji wajue ubeti umefika mwisho. Na pale kiongozi wa korali alipoinua mkono, aliacha vyote akaingia kwenye kiitikio. Ile ilikuwa bukle, tena yenye sharti. Mimi niliyepata pointi sikuiona. Niliiona miaka mingi nyuma, nilipoanza kufundisha watoto wa kartiye wakati wa vakansi.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: kuchora, kupanga sauti na kuandika programu ni kazi moja, ile ya kutunga. Tukizifundisha pamoja, watu wengi tunaowafukuza leo wataingia kwa mlango wanaoujua tayari. Tena hata sisi tunaopata pointi tutaelewa kile tulichokariri.

1. Neno lenyewe tunalo

Kiswahili kina neno kutunga. Mama anatunga shanga, mwimbaji anatunga wimbo, bunge linatunga sheria. Ndugu zetu wa Lingala wana neno kotonga: wanalitumia kwa kujenga nyumba, wanalitumia pia kwa kushona nguo. Kazi zinatofautiana lakini mwendo ni mmoja. Unachukua vipande vidogo, unavipanga, unarudi nyuma kuangalia kama vinashikana, unarekebisha.

Tuchukue sebene, ambayo kila mtu hapa anaijua hata kama hachezi. Tutaona mambo matano.

La kwanza ni kipande. Gitaa la kusindikiza lina noti chache, fupi. Kwa kikwembe, kipande ni ua moja au ndege mmoja. Kwa programu, ni amri moja.

La pili ni kurudia. Zile noti zinazunguka mara nyingi, na ua linarudi toka ukingo mpaka ukingo wa kitambaa. Programu inaambiwa: fanya hivi mara 8.

La tatu ni kugeuza. Mi-solo anakaa kati ya gitaa la kusindikiza na solo, anachukua wazo lilelile na kulisogeza kidogo. Kwa kikwembe ua linapinduliwa au linabadilishwa rangi. Kwa programu, namba moja inaongezeka kila mzunguko.

La nne ni sharti. Atalaku akitoa mwito fulani, magitaa yanahama pamoja. Kama hili limetokea, basi fanya lile. Kama halijatokea, endelea kuzunguka.

La tano ni jina. Kiongozi wa bendi hasimami kueleza kila noti. Anasema tu "sebene!" na watu kumi wanajua la kufanya. Mwandishi wa programu anafanya vivyo hivyo: anakusanya amri ishirini, anazipa jina moja, na toka siku ile anaita jina tu.

Haya matano ni sehemu kubwa ya kozi ya kwanza ya programu pahali popote duniani. Kijana anayeyabeba mikononi kila Jumapili, juu ya nini tunamwambia hana kichwa cha kompyuta?

Lakini tuelewane vizuri. Sisemi sanaa iwe sukari ya kumezesha dawa. Walimu wengine wanaweka picha nzuri juu ya somo gumu ili watoto wasilale, na somo linabaki lilelile. Mimi nazungumzia kitu kingine. Mchoro unakaa pahali pamoja: unauona wote mara moja. Sauti inapita ndani ya wakati: lazima uingoje, na ikishapita imepita. Programu haina umbo wala mlio wake yenyewe, ni kanuni inayoweza kuzaa vyote viwili. Mwanafunzi akikutana na wazo moja kwa njia hizi tatu, analijua kwa macho, kwa masikio na kwa akili. Akikwama kwa njia moja, nyingine inamuvusha.

2. Waliojaribu mbele yetu

Iannis Xenakis alikuwa Mgiriki, muinjiniere kwa masomo, aliyekimbilia Ufaransa akafanya kazi kwa mchora-majengo Le Corbusier huku akitunga muziki. Mwaka wa 1953 na 1954 alitunga Metastaseis. Ndani yake, vyombo vingi vya nyuzi vinateleza polepole toka sauti moja mpaka nyingine, kila kimoja kwa mwendo wake. Alichora mitelezo hiyo kama mistari iliyonyooka juu ya kartasi, na mistari mingi pamoja ikafanya umbo lililopinda. Baadaye alitumia wazo lilelile la mistari kuchora kuta za jengo la Philips, kwenye maonyesho makubwa ya Brussels ya mwaka wa 1958.

Brussels 1958 sisi Wakongomani tunaikumbuka kwa jambo lingine. Kwenye maonyesho yaleyale, watu wetu waliwekwa ndani ya "kijiji" ili wageni wawatazame, wakatukanwa mpaka wengine wakadai kurudi nyumbani. Nitarudi hivi karibuni juu ya kile ambacho mikono ya babu zetu ilikuwa inajua tayari.

Mwaka wa 1977 Xenakis na wenzake walitengeneza mtambo ulioitwa UPIC. Unachora kwa kalamu ya umeme juu ya meza, na kompyuta inageuza mchoro kuwa sauti. Kutoka kushoto kwenda kuume ni wakati. Kutoka chini kwenda juu ni sauti nene kwenda nyembamba. Hata watoto wasiojua noti waliweza kutunga nao.

Upande wa Marekani, mwaka wa 1967, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walianzisha Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Papert alizaliwa Afrika Kusini, na mbele ya kwenda Marekani alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget. Ndani ya Logo mtoto anaongoza kobe anayechora. Kwa Kifaransa amri ziliandikwa hivi: REPETE 4 [AV 100 TD 90]. Kobe anakwenda mbele hatua 100, anageuka kuume digrii 90, mara 4, na mraba unatokea. Sasa mtoto anataka pembetatu. Anafikiri: pembe ya pembetatu ni 60, basi niandike TD 60. Kobe anakataa kufunga umbo, anakwenda kama anayetaka kuchora umbo la pembe sita. Mtoto anasimama, anatembea mwenyewe chini kama kobe, anagundua kwamba kinachohesabiwa ni kiasi anachogeuka, si pembe inayobaki ndani: ni 120. Hakuna wino mwekundu uliopita pale. Kosa limeonekana kwa macho na limetengenezwa. Papert alieleza mawazo haya ndani ya kitabu chake Mindstorms, mwaka wa 1980. Miaka ile ile ya 1980, Logo ilifika hata Dakar.

Jeanne Bamberger, mpiga piano aliyefundisha kwenye chuo cha MIT, alileta muziki ndani ya kazi hiyo ya Logo. Yeye aliona kwamba noti mojamoja si pahali pazuri pa kuanzia. Mtu anayesikiliza wimbo hasikii noti, anasikia vifungu vyenye maana. Basi aliwapa wanafunzi vipande vya wimbo vilivyokwisha kutengenezwa, awaache wavipange, wavirudie, wavibadilishe, na baadaye tu wafungue kipande kuona muna nini ndani. Ni kama fundi-nguo anayeanza na mikono na kola mbele ya kusomea nyuzi.

Na karibu na sisi: mwaka wa 2012 Sam Aaron, huko Cambridge, Uingereza, alitengeneza Sonic Pi. Unaandika programu, inapiga muziki. Ni ya bure, na ukishaiweka ndani ya mashini haihitaji intaneti. Scratch, iliyotoka MIT mwaka wa 2007, inachora, inapiga sauti, na inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Nayo inafanya kazi bila intaneti ukishaishusha.

3. Nyumbani hatuanzi na sifuri

Hapa Lubumbashi, miaka ya 1940, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Pale Bela alichora kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa vistari vifupi vinavyofuatana, rangi baada ya rangi. Simameni mbele ya picha ya Mwenze muone: kipande kimoja kidogo, kurudia, na kugeuza kidogo ili mwili wa mtu utoke ndani ya vistari.

Magharibi ya Kisangani, kando ya mto, Walokele walizungumza kwa ngoma ya mti uliotobolewa. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, aliandika kitabu juu yake mwaka wa 1949. Lugha yao ina sauti ya juu na sauti ya chini, na ngoma inatoa hizo mbili tu. Shida ni kwamba maneno mengi yana mwendo mmoja wa sauti. Mwezi na kuku, kwa ngoma, vinalia sawasawa. Walitatua vipi? Kila neno walilipa kifungu kirefu: mwezi ukawa mwezi unaotazama chini duniani, kuku akapata sifa zake mwenyewe. Ujumbe ukawa mrefu lakini haukupotea njiani. Alama mbili tu, na maneno ya ziada ili kosa lisiharibu ujumbe: anayesoma mawasiliano ya kompyuta leo anakutana na wazo hilihili.

Na Wachokwe, ambao wengi wako Angola, lakini pia kwetu kusini mwa Congo na Zambia, wana michoro inayoitwa sona. Mwenye kujua analainisha mchanga, anaweka nukta kwa vidole zikiwa na nafasi sawa, kisha anazungusha mstari kati ya nukta huku akisimulia hadithi. Sifa yake ni kuchora bila kusita. Mwanahesabu Paulus Gerdes wa Msumbiji alitumia miaka mingi kuichunguza. Aina moja ya sona, ile inayofanana na mkeka uliosukwa, ina siri ya hesabu ndani yake. Sasa chukueni kalamu.

4. Zoezi: 4 na 6

Mchoro. Chora mstatili wenye vimiraba 8 kwa 12. Weka nukta ya kwanza kimiraba kimoja ndani kutoka kila ukingo wa kona, kisha acha vimiraba viwili kati ya nukta na nukta. Utapata safu 4, kila safu nukta 6. Weka kalamu kwenye ukingo wa chini, pale panapotazamana na nukta ya kwanza. Tembea kwa mshazari, ukikata kila kimiraba toka kona mpaka kona. Ukifika ukingoni, ruka kama mpira unaogonga ukuta, endelea. Hutagusa nukta hata moja. Ukirudi pale ulipoanza, simama.

Angalia vizuri: kuna nafasi ambazo mstari haukupita. Chukua rangi ya pili, anza pahali pa ukingo panapotazamana na nukta na ambapo mstari wa kwanza haukugusa. Sasa kumejaa. Imehitajika mistari 2.

Rudia na safu 5 za nukta 6, ndani ya mstatili wa vimiraba 10 kwa 12. Mstari mmoja tu unapita kila pahali, kama Mchokwe asiyeinua kidole.

Sauti. Watu wote wahesabu pamoja kwa mwendo mmoja, toka 1 mpaka 24, yaani 4 mara 6. Kundi la kwanza lipige makofi kila hesabu ya 4. Kundi la pili lipige mguu kila hesabu ya 6. Watakutana mara ngapi? Kwenye 12 na kwenye 24: mara 2. Fanya tena na 5 na 6, mpaka 30. Watakutana mara moja tu, kwenye 30 yenyewe.

Programu. Weka rundo la punje 6 za mahindi na rundo la punje 4. Kanuni ni hii: kama marundo hayalingani, toa kwenye rundo kubwa punje sawa na rundo dogo. Rudia mpaka yalingane. 6 na 4 inakuwa 2 na 4, kisha 2 na 2. Simama. Jibu ni 2. Kwa 6 na 5 utashuka polepole mpaka 1 na 1. Jibu ni 1. Kanuni hii iliandikwa na Euclide zaidi ya miaka 2000 iliyopita.

Nilipofanya zoezi hili kwenye uwanja wetu, na watoto tisa na mashini moja ambayo batri yake inashika saa mbili, mdogo wangu wa sekondari alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Yaya, hii si ile PGCD?" Njo yenyewe: namba kubwa inayogawa zote mbili bila kubakiza. Alikuwa ameihesabu darasani mara mia. Hakuwa ameiona hata siku moja, wala kuisikia.

Na juu ya nini jibu ni moja pande zote tatu? Fuateni mstari wa mchoro. Unafanya safari mbili kwa wakati mmoja: unakwenda na kurudi kwa upana, unakwenda na kurudi kwa urefu. Ile ya upana ni kama kundi la makofi, ile ya urefu ni kama kundi la miguu. Mstari unarudi nyumbani siku safari hizo mbili zinapokutana. Zikikutana mapema, mstari unafunga mbele ya kujaza nafasi yote, na inabidi mstari mwingine uje kumaliza. Zikichelewa kukutana mpaka mwisho kabisa, mstari mmoja unatosha. Mnaokumbuka PPCM, hesabuni: 4 mara 6 ni 24, PPCM ni 12, na 24 gawa kwa 12 ni 2.

Nyuma ya pale tulifungua mashini. Ndani ya Sonic Pi tuliandika bukle mbili zinazoanza pamoja, moja inapiga kila sekunde 0.4, nyingine kila sekunde 0.6. Watoto walizitambua mara moja: "Makofi na miguu!" Kisha tukaandika kanuni ya mahindi. Mtoto mmoja alisahau kuuliza ni namba gani kubwa, akawa anatoa ya pili kwenye ya kwanza kila mara. 6 toa 4 ni 2, 2 toa 4 ikaingia chini ya sifuri, na namba zikashuka bila kusimama. Wote walicheka, yeye pia. Akarudi kwenye marundo ya mahindi, akaona: "Nimetoa kwenye rundo dogo." Akatengeneza mwenyewe. Kuanzia siku ile akijua kwa nini sharti liko pale.

5. Maswali ambayo nimeulizwa

"Hatuna mashini." Ni kweli, na ni aibu ya kudai kila siku. Lakini mumeona kwamba sehemu kubwa ya zoezi ilifanyika na kartasi, makofi na mahindi. Mashini moja kwa darasa, mwisho wa somo, inafaa kuliko mashini ishirini zinazofunguliwa bila wazo. Kitu kibaya ni kuwa na tablo pekee: kanuni inaandikwa, haifanyi kazi pahali popote, haitoi umbo wala mlio, na mwanafunzi hajui kama imekufa au iko hai.

"Hii itatupa kazi?" Swali hili ni la haki, sisi wote tunajua kutembea na bahasha ya diploma. Sitawadanganya. Kutunga midundo hakuchukui nafasi ya kujifunza hifadhidata, mitandao ya kompyuta na hesabu ngumu. Ni mlango, na nyumba yote iko mbele. Lakini finalisti anayeweza tu kueleza maana ya bukle, na hajaandika hata moja iliyozunguka, hataajiriwa na mtu. Anayezoea kutunga, kusikiliza kosa lake na kurekebisha, huyo anaweza kujifunza lugha yoyote ya programu itakayokuja.

"Nani atafundisha? Mimi sijui muziki." Usifundishe peke yako. Ukijua programu, mwite mpiga gitaa au mchoraji wa kartiye, mukae watu wawili mbele ya darasa. Yeye aonyeshe kipande na mageuzi yake, wewe uonyeshe namna ya kukiandika. Tena ni vizuri wanafunzi wamuone mwalimu akiuliza.

"Pointi tutatoa vipi?" Mimi naomba vitu vitatu. Cha kwanza, kazi yenyewe: mchoro au sauti iliyotoka kwenye kanuni. Cha pili, kanuni iliyoandikwa. Cha tatu, ukurasa mmoja: ulijaribu nini mara ya kwanza, kilienda vibaya wapi, ulibadilisha nini na juu ya nini. Ukurasa huo wa tatu ni mgumu kunakili kwa jirani, na ndio unaonionyesha nani ameelewa.

6. Kurudi kwa rafiki yangu

Yule mpiga klavye yuko bado hapa mjini. Anapiga kwenye ndoa na anatengeneza spika. Mwaka uliopita nilimwendea na mashini, nikamwomba anipigie ule mwendo wa noti nne. Tukauandika pamoja: mara 4, na mara ya nne mwisho unabadilika, na kama mkono wa kiongozi umeinuka, ingia kiitikio. Ilichukua chini ya saa moja. Mashini ikapiga. Alisikiliza mizunguko miwili, akanyosha kidole kwenye kioo.

"Hapa umekosea. Mara ya nne inapashwa kuanza mbele kidogo, batu bapate pumuzi."

Alikuwa anasoma programu. Hakuna aliyemfundisha. Nikamwambia: hii njo ile bukle waliyotuuliza kwa mtihani. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Sasa juu ya nini hawakunionyesha vile ile siku?"

Sikuwa na jibu. Lakini wengi wenu munaosoma hapa ni maasistanti, walimu wa sekondari, watu wa kufundisha watoto wa kartiye wakati wa vakansi. Mwaka wa shule unapoanza tena, mbele ya kuandika neno bukle kwenye tablo, muulizeni darasa nani kati yao anapiga ngoma, nani anasuka nywele, nani anachora. Waiteni mbele, waonyeshe kwanza. Kisha ndipo muchukue chaki.